Kyoto, Osaka au Shin-Osaka: ulale karibu na stesheni ipi?

Anayepanga safari yake ya kwanza ya magharibi mwa Japani hukwama kwenye swali moja: hoteli aichukue Kyoto au Osaka? Kwenye ramani miji hiyo imekaribiana mno. Reli kati ya stesheni zake kuu haifiki kilomita 43, treni ya haraka ya kawaida, ile Wajapani wanayoiita shinkaisoku, huzimaliza kwa nusu saa, na nauli ni kama yen 600. Ndiyo maana wengi huamua kwa bei ya chumba tu. Ushauri wangu ni kwamba uanze na stesheni kabla ya bei. Tazama iliwekwa wapi, lini, na mji uliitendea nini baada ya hapo, kwa sababu hayo ndiyo yanayoamua utaburuta sanduku lako umbali gani na utabadilisha treni mara ngapi kabla ya kufika unakokwenda.

Tena stesheni zenyewe ni tatu. Kyoto ina yake moja kuu. Osaka ina Osaka Station iliyo katikati ya Umeda, na ina Shin-Osaka iliyo kaskazini zaidi, ng'ambo ya mto Yodo. Kwa upande wa Osaka, Shinkansen, ile treni ya kasi ya masafa marefu, husimama Shin-Osaka tu. Osaka Station haifiki kabisa. Wakenya watalielewa hili upesi, maana ni kama Syokimau na stesheni kuu ya Nairobi: treni ya masafa inakushusha moja, na mji wenyewe uko kwenye nyingine. Tofauti ni kwamba hapa treni ya kuunganisha inachukua dakika nne, na ikikupita nyingine iko njiani.

Mji uliohamia stesheni, na mji uliokataa

Osaka ilitangulia. Reli ya Osaka hadi Kobe ilifunguliwa Mei 11, 1874, miaka miwili tu baada ya reli ya kwanza ya nchi, ya Shimbashi hadi Yokohama. Stesheni ya matofali mekundu iliwekwa Umeda, sehemu iliyokuwa mashamba pembeni mwa mji wa wafanyabiashara. Kisha mji ukaifuata. Kampuni binafsi za reli zilikuja kujibanza hapo moja baada ya nyingine: Hanshin mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kampuni iliyokuja kuitwa Hankyu mwaka 1910. Kobayashi Ichizo, aliyeiongoza Hankyu, alikuwa na akili ya biashara ya aina yake. Alijenga nyumba za kuuza kando ya reli yake ili apate abiria, na mwaka 1929 akafungua duka kubwa la ghorofa pale pale reli inapoishia Umeda, ili abiria wasiondoke na pesa zao mfukoni. Mwaka 1933 ikafuata treni ya chini ya ardhi, laini ya Midosuji, iliyoanza kati ya Umeda na Shinsaibashi.

Matokeo yake unayaona leo. Osaka Station ni ya JR, kundi la kampuni zilizorithi reli za serikali, lakini imezungukwa na stesheni za kampuni nyingine zenye majina ya kufanana: Osaka-Umeda ya Hankyu, Osaka-Umeda ya Hanshin, kisha Umeda, Higashi-Umeda na Nishi-Umeda za treni za chini ya ardhi. Kuna na Kitashinchi ya JR, kusini kidogo. Zote zimeunganishwa na njia za chini zilizojaa maduka na migahawa, na hata wenyeji wa Osaka hupotea humo.

Kyoto hadithi yake ni nyingine. Reli ilifika na stesheni ikazinduliwa na Mfalme Meiji Februari 5, 1877, kwenye ukingo wa kusini wa mji. Lakini Kyoto haikuhama. Ule ulikuwa mji wa kifalme tangu mwaka 794, wenye mitaa, mahekalu na masoko yaliyokwisha kujipanga, na moyo wa biashara ukabaki Shijo na Kawaramachi, kilomita mbili na zaidi kaskazini mwa reli. Hadi leo stesheni ya Kyoto ni mlango wa mji zaidi kuliko mji wenyewe. Anayechukua hoteli mbele yake akidhani atatoka usiku kutembea mtaa wa kale wa Gion kwa miguu anagundua kwamba kwanza lazima apande treni au basi.

Stesheni ya Kyoto imekuwa na majengo manne. La pili lilijengwa mwaka 1914, likaungua mwaka 1950, na la tatu, la zege, likafunguliwa mwaka 1952. Hili la sasa, la msanifu Hara Hiroshi aliyeshinda mashindano ya kimataifa, lilifunguliwa mwaka 1997 kuadhimisha miaka 1,200 ya mji. Lilizua mzozo mkubwa. Mji ulikuwa na mazoea ya kuheshimu urefu wa mnara wa hekalu la Toji, karibu mita 55, na jengo jipya likaenda hadi mita 60 kwa upana wa mita 470. Waliolipinga waliliona ukuta uliokata mji vipande viwili. Miaka kumi baadaye, mwaka 2007, mji ulikaza masharti na kushusha kikomo cha majengo ya katikati kutoka mita 45 hadi 31. Mimi nalipenda jengo hilo, lakini hoja ya ukuta ni ya kweli: ukisimama upande wa kusini huoni chochote cha Kyoto ya kale.

Shin-Osaka haina hadithi ndefu. Ilifunguliwa Oktoba 1, 1964 pamoja na Shinkansen yenyewe, siku chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo. Kuingiza reli mpya hadi Umeda kungemaanisha kuvuka mto Yodo, kupenya mtaa uliojaa majengo, kisha kuuvuka mto tena kuelekea magharibi. Wahandisi wakabaki kaskazini ya mto, kwenye ardhi wazi. Hapa mji ulifuata nusu nusu: ofisi na hoteli za biashara zimejaa, ila ukitoka nje jioni kutafuta pa kutembea utarudi chumbani mapema.

Kufika na mizigo

Wengi wetu huingia kupitia uwanja wa ndege wa Kansai, uliojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa kwenye ghuba ya Osaka na kufunguliwa mwaka 1994. Kwa anayetoka Dar es Salaam au Nairobi, njia nyepesi ni Emirates kupitia Dubai. Uwanjani kuna vyumba vya kuswalia, basi maliza swala zako hapo kabla ya kuingia kwenye treni.

Treni ya Haruka hutoka uwanjani hadi Kyoto moja kwa moja kwa saa moja na robo hivi, ikipita Tennoji, Osaka na Shin-Osaka. Wenye pasipoti za nje huuziwa tiketi ya punguzo, kwa hiyo usinunue ya bei ya kawaida kabla ya kuulizia. Kwa Osaka ni kama dakika 50. Hapa pana badiliko ambalo ushauri wa zamani haulijui: tangu mwaka 1994 Haruka ilikuwa ikipita kando kabisa ya Osaka Station bila kusimama, na anayekwenda Umeda akilazimika kushuka kwingine na kubadilisha. Machi 18, 2023 yalifunguliwa majukwaa mapya ya chini ya ardhi, namba 21 hadi 24, na sasa Haruka husimama hapo. Jambo hilo moja limeiondolea Shin-Osaka sababu nyingi za kuchaguliwa.

Kuna pia treni ya bei nafuu, Kanku Kaisoku, inayokwenda Osaka Station kwa kama yen 1,200 na zaidi kidogo ya saa moja. Kwenda mjini haina shida. Kurudi uwanjani ndiko kwenye mtego. Treni huwa na mabehewa manane, na ikifika stesheni ya Hineno hukatwa vipande viwili: behewa la 1 hadi la 4 huenda uwanjani, la 5 hadi la 8 huenda Wakayama. Aliyekaa nyuma na kusinzia ataamka akielekea kusini huku ndege yake ikiwa kaskazini. Namba ya behewa imeandikwa mlangoni na matangazo hutolewa, hata kwa Kiingereza, ila lazima uyasikilize.

Ukija na Shinkansen kutoka Tokyo, Kyoto inakuwa rahisi zaidi. Treni zote, hata Nozomi zenye vituo vichache zaidi, husimama Kyoto. Unashuka, unatoka upande wa Hachijo, ulio kusini, au unavuka kwenda upande wa Karasuma, ulio kaskazini, basi. Wa Osaka hushuka Shin-Osaka, akapanda treni ya JR hadi Osaka Station au Midosuji hadi Umeda na hadi Namba, mtaa wa kusini mwa katikati ya Osaka. Anayelala Namba asihangaike na Osaka Station hata kidogo. Midosuji kutoka Shin-Osaka humfikisha kwa robo saa.

Nalo sanduku. Hakuna mtu anayekagua mizigo wala kitambulisho kwenye geti, na kufika dakika kumi kabla kunatosha. Lakini Shinkansen ya Tokyo hadi Osaka, na hata ya kuendelea magharibi, ina sharti tangu Mei 2020: sanduku ambalo jumla ya urefu, upana na kimo inazidi sentimita 160 lazima liwe na kiti maalumu cha nyuma ya behewa, kinachowekwa bila malipo ya ziada. Ukipanda bila kukiweka, utatozwa yen 1,000. Yale masanduku makubwa ya kilo 23 tunayoyajaza mpaka yanalia mara nyingi yanakaribia mpaka huo, kwa hiyo pima nyumbani.

Ukiwa ndani

Kyoto ni stesheni ya paa moja. Ukisimama chini ya lile paa kubwa la chuma na vioo upande wa Karasuma, ngazi ziko kushoto na kulia, hoteli iko upande mmoja, duka kubwa la Isetan upande wa pili, na mnara wa Kyoto wa mwaka 1964 unauona barabarani. Ngazi kuu zina vipandio 171 na usiku huwashwa taa zinazochora picha. Ghorofa ya 10 kuna njia ya juu yenye vioo, mita 45 kutoka chini, ya bure kabisa, na watu wengi wanaopita chini hawajui kama ipo. Ubaya wake ni kwamba ukumbi uko wazi kwa upepo: Januari baridi inapita humo kama iko nyumbani kwake, na Agosti ni joto tupu.

Kinachochanganya Kyoto ni namba za majukwaa. Linaanza la 0, linafuata la 2. La 1 halipo. Ya Shinkansen ni 11 hadi 14. Haruka iko la 30, ambalo kwa kweli ni jukwaa moja refu na lile la 0, mita 558 kwa jumla. Treni za Arashiyama ziko 31 hadi 34, upande wa magharibi kabisa, na ukitoka Shinkansen ujipe dakika kumi za kutembea. Ukishaelewa mpangilio huo siku ya kwanza, hupotei tena.

Osaka Station ni kinyume. Yenyewe ni nzuri tangu ilipofunguliwa upya mwaka 2011, na uwanja wa juu ya reli wenye saa ya dhahabu unafaa sana kukutania na wenzako. Paa lake kubwa, mita 180 kwa 100, lilikusudiwa kufanya majukwaa yasihitaji mapaa yao; mvua ya upepo ikapenya, na mapaa madogo yakabaki chini ya lile kubwa. Wahandisi nao hupata darasa. Shida ni kutoka nje: mageti ni mengi, kila moja linakutupa mtaa tofauti, na kutoka majukwaa mapya ya Haruka hadi stesheni ya Hankyu ni mwendo wa kweli ukiwa na mizigo. Ukiweka hoteli Umeda, waulize ni geti gani, maana "karibu na Osaka Station" kunaweza kumaanisha pande zilizotengana kwa robo saa ya kutembea.

Shin-Osaka imejaa watu wanaopita. Maduka ya zawadi na vyakula vya kubeba ni mengi na mazuri. Zaidi ya hapo hakuna la kusimulia.

Asubuhi unakwenda wapi?

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Kama ratiba yako ni mahekalu ya Kyoto na Nara, lala Kyoto Station. Fushimi Inari, ile ya malango mekundu, ni kituo cha pili kwa laini ya Nara, dakika tano tu. Angalizo: panda treni ya kawaida, futsu. Ile ya haraka, Miyakoji Kaisoku, haisimami Inari, na kila asubuhi kuna wageni wanaotazama malango yakipita dirishani. Arashiyama ni kama robo saa kwa laini ya Sagano. Nara kuna JR kwa dakika 45 hivi, na kuna treni za Kintetsu, kampuni binafsi, kwa chini kidogo ya hapo, kutoka upande wa Hachijo.

Mabasi ya Kyoto ni suala jingine. Foleni mbele ya stesheni, upande wa Karasuma, ni ndefu mpaka zinakatisha tamaa. Mji uliacha kuuza pasi ya siku ya mabasi peke yake mwaka 2023 kwa sababu ya msongamano. Sasa ipo ya yen 1,100 inayojumuisha na treni za chini ya ardhi. Nauli ya basi katikati ya mji ni yen 230. Popote treni inapofika, acha basi.

Lakini jambo ambalo wengi hawaliambiwi ni hili: kama unachotaka Kyoto ni Gion, Kawaramachi na soko la Nishiki, aliyelala Umeda anaweza kumshinda aliyelala Kyoto Station. Hankyu kutoka Osaka-Umeda huingia chini ya ardhi na kuibukia Kyoto-Kawaramachi, daraja moja tu kutoka Gion, kwa dakika 45 hivi na nauli ya chini kuliko JR. Haigusi Kyoto Station kabisa. Reli hizi za kampuni binafsi ziliingia pale ambapo mji ulikuwa, na ile ya serikali ya 1877 iliishia ukingoni.

Ukitaka kuzunguka Kansai nzima, Osaka Station haina mpinzani. Kobe dakika 20 na ushei, ngome ya Himeji saa moja, Nara dakika 50 hivi, zote kwa treni za kawaida zisizohitaji tiketi ya kiti. Kwa safari za aina hii pasi ya nchi nzima ya JR, iliyopanda hadi yen 50,000 kwa siku saba Oktoba 2023, ni hasara. Kadi ya ICOCA, ile ya kulipia nauli kwa kugusa getini, inatosha.

Shin-Osaka ina wakati wake. Hapa ndipo Tokaido Shinkansen, ya kutoka Tokyo, inapoishia na Sanyo, ya kwenda magharibi, kuanza, na treni za Mizuho na Sakura za kwenda hadi Kagoshima huanzia hapa. Anayetaka kuwa Hiroshima saa tatu asubuhi, au anayeshuka Kyushu, akilala Shin-Osaka anajipunguzia hatua moja. Usiku mmoja tu, lakini. Anayekwenda mji wa Kanazawa ajue kwamba tangu Machi 2024 treni ya Thunderbird kutoka Osaka na Kyoto huishia Tsuruga, ambako lazima upande Shinkansen ya Hokuriku.

Chakula na pesa

Osaka ni mji wa kula, na Umeda hutashinda njaa saa yoyote hadi karibu na usiku wa manane. Kyoto Station ina mtaa wa rameni, zile tambi za mchuzi, ghorofa ya 10, ila baada ya maduka kufunga pembezoni hupoa upesi. Kwa Mwislamu, rameni nyingi mchuzi wake ni wa mifupa ya nguruwe, na okonomiyaki ya kawaida, ile chapati nene ya kabichi, huja na vipande vya nguruwe juu, kwa hiyo uliza kabla hujaketi.

Bei za hoteli Kyoto hupaa msimu wa maua ya sakura na wa majani mekundu ya Novemba. Osaka huwa na vyumba vingi zaidi. Tena Kyoto imepandisha kodi ya malazi kuanzia Machi 2026, na vyumba vya bei ya juu kabisa hutozwa hadi yen 10,000 kwa mtu kwa usiku. Vya kawaida ni kidogo zaidi, ila kodi hiyo mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni.

Kwa hiyo familia yenye watoto na masanduku, mara ya kwanza, siku nne au tano: Kyoto Station, upande wa Hachijo kama mnakuja na kuondoka kwa Shinkansen, upande wa Karasuma kama mnategemea treni za chini ya ardhi. Kijana peke yake au wenzi wanaopenda kutoka jioni na kwenda mji tofauti kila siku: Umeda, karibu na Hankyu. Mwenye siku saba au zaidi agawanye, Kyoto kwanza na Osaka mwisho, kwa sababu ndege ya Emirates huondoka Kansai usiku na siku ya mwisho inakuwa yako yote. Toka hotelini, funga sanduku kwenye makabati ya stesheni mapema kabla makubwa hayajajaa, zunguka Umeda mpaka jioni, kisha panda Kanku Kaisoku, behewa la 1 hadi la 4.